Herufi Ambazo Mama Aliziita Mwanana

Juzi rafiki yangu alinitumia kadi ya harusi ya binti yake kwa simu. Ilikuwa picha tu, waridi pembeni, na maandishi yote, kuanzia majina ya maharusi hadi maelekezo ya kufika ukumbini, yalikuwa kwa zile herufi nyembamba zinazolala upande na kushikana, zenye mikia mirefu inayojikunja. Kwenye kioo cha simu sikuweza kusoma hata siku ya harusi. Nilimpigia nikamuuliza. Akacheka, akasema hata yeye ilibidi amuulize binti yake. Nilipokata simu nilibaki nimekaa jikoni, pua yangu imejaa harufu ya majani ya kabeji yaliyonyauka, na siku hiyo sikuwa nimepika kabeji.

Fonti ile ina jina lake la Kizungu, na leo mtu yeyote mwenye kompyuta anaweza kuipata. Kwetu ilikuwa na jina moja tu, Mwanana. Mama ndiye aliyeiita hivyo, kwa sababu alisema ukiitazama kwa muda unahisi kama kuna upepo mdogo unapita juu ya karatasi.

Mliokulia Buruburu mnakumbuka vyumba vile vya ghorofani kwenye maduka, unapanda ngazi za saruji, unapita saluni, unafika mahali pa kupiga chapa. Cha Mama kilikuwa juu ya duka la dawa. Kulikuwa na kompyuta moja iliyofunikwa kwa kitambaa cha kufuma kama kochi la wageni, printa iliyokohoa kabla ya kuanza kazi, na mashine ya kukatia karatasi yenye kisu kirefu ambacho sikuruhusiwa kukikaribia. Nikitoka shule nilikwenda huko kumngoja Mama afunge. Nilikaa juu ya katoni za karatasi, nikivuta harufu ya wino wa moto na plastiki inayoyeyuka, na nikijifunza kusoma kwa majina ya watu nisiowajua.

Mama alitengeneza kadi za harusi, vyeti vya ubatizo, kadi za biashara, na programu za mazishi. Alikuwa mtu mpole ambaye hakubishana na yeyote, si na Baba, si na makanga wa matatu, ila kwenye suala la Mwanana. Hapo hakukubali kushindwa. Alikuja mzee mmoja wa buchari, akaiona kwenye kadi iliyokuwa mezani, akaipenda, akataka bango lake liandikwe NYAMA CHOMA kwa herufi zile zile, zote kubwa. Mama hakumkatalia. Aliandika kwenye kompyuta, akageuza kioo upande wake.

"Soma, mzee."

Yule mzee aliinamisha kichwa upande, kisha upande mwingine. "Hii imeandikwa nini?"

"Nyama choma."

Akacheka mpaka akaketi. Mama akamwambia, "Ukiziweka kubwa zote, kila moja inataka kuwa bibi harusi. Hakuna harusi ya mabibi harusi kumi." Akampa herufi nene za kusimama wima, na mzee akaondoka ameridhika.

Wateja wengine walisikia somo refu zaidi. Mwanana ni ya majina, Mama alisema. Jina moja, au mawili yakiwa yanaoana. Iwe kubwa, na iachiwe nafasi pande zote, isisongwe na mistari mingine. Karatasi iwe nzito, ya rangi ya maziwa, wala isiwe na picha nyuma yake. Saa, mahali, nambari ya simu, hayo yapewe herufi za kawaida zisizojipamba, kwa sababu mtu anayetafuta ukumbi hana muda wa kutazama mikia. Na kamwe isitumike kwenye programu ya mazishi. Siku moja jamaa fulani waliofiwa na dada yao waliiomba. Mama aliwaambia kwa sauti ya chini, "Mtu anayelia anaona ukungu. Msimpe kazi ya kutafuta jina la mtu wake." Akaandika jina la dada yao kwa herufi nyeusi za kusimama, zinazosomeka hata kwa mtu wa nyuma kabisa.

Mimi nikiwa juu ya katoni zangu nilichukua sheria hiyo nikaifanya ya dunia nzima. Kulikuwa na watu wa aina mbili. Wa Mwanana walikuwa wanakuja, wanatayarishiwa, wananunuliwa nguo. Wa herufi za kusimama walikuwa wamekwenda. Sikuwahi kuona jina likiwa upande usio wake.

Mwaka huo Mama alikuwa na mimba. Tumbo lilipoanza kugusa meza alisogeza kiti nyuma na kuchapa mikono imenyooka. Mvua ilianza, na kwetu msichana wa mvua anaitwa Nafula, kama mimi niliyezaliwa wakati wa mavuno nikaitwa Nekesa. Baba, aliyekuwa fundi wa mitambo kwenye kiwanda kimoja kule Industrial Area, alilitamka jina mezani huku akimenya ndizi. "Akiwa msichana, basi ni Nafula." Mama akasema ni jina zuri kwa sababu linaanza na herufi yenye nguvu na lina f katikati. Baba hakuelewa f ina nini. Mimi nilielewa. F ya Mwanana ilikuwa na mkia juu na mkia chini.

Mama alikwenda hospitali wakati mimi niko shule. Nilimkuta Anti Robai, dada yake Baba, ametoka ushago, kule kijijini, na ndiye aliyekuwa akipika. Mama aliporudi alikuwa amevaa sweta ya Baba, na mikono yake ilikuwa mitupu. Alipita moja kwa moja hadi chumbani.

"Mtoto ako wapi?" niliuliza.

"Amebaki," Anti Robai akasema.

"Amebaki wapi?"

"Hospitali. Kaa chini ule."

Baba alikuwa anaangalia ndani ya kikombe chake. Nilikula.

Ndipo ikaja kabeji. Kila asubuhi Anti Robai alibandua majani makubwa, akayaponda kidogo kwa kifimbo cha kusukumia chapati, akaenda nayo chumbani, na Mama akayaweka ndani ya sidiria. Jioni yalitoka yamelegea, ya uvuguvugu, yakatupwa kwenye ndoo ya takataka. Nyumba nzima ilinuka hivyo. Nilipouliza ni ya nini, Anti Robai alisema ni ya kupoza maziwa. Nikaona ni jambo la busara. Hatukuwa na friji, na maziwa ya Nafula yangeharibika kabla hajafika.

Hakuna aliyenidanganya, nataka kusema hivyo. Waliniambia maneno machache, nami nikajaza yaliyobaki. Nguo ndogo na beseni la kuogea vilipandishwa juu ya kabati, nikadhani ni kwa ajili ya vumbi. Akina mama wa koti yetu, wale walioishi karibu, walimsalimu Mama, macho yao yakateremka hadi tumboni, kisha yakahamia kwenye kamba za nguo. Hakuna aliyeuliza kitu. Shiku tu, rafiki yangu wa nyumba ya tatu, ndiye aliyeuliza, tukiwa tunaruka kamba.

"Niaje Neke, na mtoto wenu?"

"Ako hosi."

"Wakizaliwa wadogo huwekwa kwa mashine ya kuwatia joto," Shiku akasema. "Binamu yangu alikaa huko hadi akanona."

Nikashukuru kupata habari za kitaalamu.

Mama alirudi kazini mapema kuliko Anti Robai alivyotaka. Alikaa mbele ya kompyuta kama mtu aliyesinzia macho wazi. Alikuja bibi harusi mtarajiwa, msichana mchangamfu wa mtaa wa Ziwani, akitaka kadi yote iwe kwa Mwanana, tangu jina la kwanza hadi nambari ya simu ya mwenyekiti wa kamati. Nilijiweka sawa kwenye katoni ningoje lile somo refu. Nililipenda, nililijua kwa moyo.

Mama alisema, "Sawa."

Akaandika kadi yote kama alivyoombwa. Ilitoka kwenye printa kama nywele zilizodondoka kwenye sakafu ya saluni. Yule msichana aliishika juu kwenye mwanga akasema ni nzuri sana, na Mama akaitikia, "Ndiyo." Nilimtazama nikitaka anikonyeze, tucheke pamoja baadaye. Alikuwa tayari ameanza kazi nyingine.

Alasiri moja mvua ilinyesha sana na wateja hawakuja. Mama alitoa karatasi moja kutoka kwenye bunda la harusi, ile nzito ya rangi ya maziwa. Akaandika jina kwenye kompyuta. Nafula. Halafu akaanza kulishughulikia. Alisogeza N kushoto kidogo. Akapunguza mkia wa chini wa f usiguse ukingo, akaurudisha, akaupunguza tena. Alivuta mkia wa a ya mwisho ukaenda mbele peke yake, mrefu, hadi ukawa mwembamba usioonekana mwisho wake. Sijui alikaa hivyo kwa muda gani. Mvua iliacha, saluni ikawasha redio, na bado alikuwa anasogeza. Alipochapa, alichapa mara moja tu. Hakukuwa na neno lingine kwenye karatasi, wala tarehe, wala ua.

Aliiacha mezani ikauke akaenda kunawa mikono. Nilishuka kwenye katoni nikaenda kuitazama. Sikuigusa. Lilikuwa jina zuri kuliko yote yaliyowahi kutoka mle ndani, na lilikuwa kwa Mwanana. Nilijua sheria. Alikuwa anakuja.

Jioni nilimwambia Shiku. "Mtoto anakuja nyumbani. Jina lake limeshatengenezwa." Shiku akamwambia mama yake, ambaye alikuwa amerudi siku hiyo kutoka Murang'a alikokuwa akimuuguza baba yake, na ambaye hakuwa amesikia lolote.

Jumapili baada ya kanisa waligonga mlango. Walikuwa Mama Shiku na wanawake wawili wa kikundi chake cha kanisa, wamefunga vitambaa vya kichwa, mmoja amebeba chupa kubwa ya uji wa kuchachua, mwingine mkate na sabuni, na Mama Shiku mwenyewe ana kifurushi laini kilichofungwa kwa karatasi ya zawadi. Walikuwa wanaimba kwa sauti ya chini, jinsi akina mama wanavyoimba wakija kuona mtoto, ili wasimwamshe.

Anti Robai alifungua mlango nusu. "Mama Nekesa amelala," akasema.

Lakini Mama alikuwa amesikia. Alitoka chumbani amejifunga leso kifuani, akamsogeza Anti Robai kwa mkono, akafungua mlango wote.

"Tumekuja kumwona mtoto," Mama Shiku akasema, akitabasamu. "Nekesa alisema anarudi nyumbani."

Mama aligeuka akanitazama. Hakuwa na hasira. "Nekesa, nani alikuambia?"

"Wewe," nikasema.

"Nilikuambia lini?"

"Uliandika jina lake kwa Mwanana."

Alishika mwimo wa mlango. Kifurushi cha Mama Shiku kilikuwa kimeanza kushuka, polepole, hadi kikawa usawa wa goti lake. Nadhani alikuwa ameshaelewa.

"Mtoto alikufa, Mama Shiku," Mama akasema. "Alipumua kidogo, akaacha. Jina lake ni Nafula."

Neno lile, alikufa, halikuwa limetamkwa nyumbani kwetu hata mara moja. Lilitoka kawaida tu, kama mtu anayesema sukari imeisha.

"Wifi," Anti Robai akasema nyuma yake, "hayo yalishapita. Mtoto wa hivyo hakaliwi matanga. Utajiumiza bure."

"Kwangu hayajapita," Mama akasema. "Hata sijayaona."

Akawaeleza wageni, na hapo nilijua jambo la pili, kwamba Mama akiwa bado wodini Baba alikwenda na rafiki yake mmoja wa kazini, wakamzika Nafula wao wawili. Walidhani wanamsaidia.

Mama Shiku alivua viatu. "Pole, mama," akasema. "Tungejua tungekuja zamani." Akaingia, na wenzake wakamfuata, wakaketi kwenye makochi yetu wamebana magoti, na vile vitu walivyokuja navyo wakaviweka sakafuni. Mwisho yule mwenye uji, mama mtu mzima, akauliza kama kuna picha.

"Hakuna picha," Mama akasema. Akafikiri. "Kuna jina."

Akaenda chumbani akarudi na ile karatasi. Yule mama alifuta mikono kwenye sketi, mbele na nyuma, kabla ya kuipokea. Aliishika kwa kingo, akaitazama muda mrefu, akampa aliyefuata. Ilizunguka hivyo, kutoka mkono hadi mkono. Ilipomfikia Mama Shiku alisoma kwa sauti, pole pole, akiufuata ule mkia wa mwisho kwa macho hadi ulipoishia. "Nafula." Kisha akasema, "Jina limekaa vizuri." Wakaomba. Mama hakufumba macho, nilimwona, kwa sababu hata mimi sikufumba.

Nilikwenda jikoni. Mkate waliouleta ulikuwa mezani, nikakata kipande kikubwa, nikala nimesimama. Haukuwa na ladha yoyote. Nilisubiri nilie, kwa sababu nilijua ndicho kinachofanywa, lakini hakuna kilichokuja. Nikakata kipande kingine. Hali hiyo ilikaa nami kwa muda mrefu sana. Nilifanya mitihani nikiwa hivyo, nikacheza kamba nikiwa hivyo, na walimu wakaandika kwamba nimetulia.

Miaka mingi baadaye, nikiwa na watoto wangu, nilimuuliza Mama kwa nini alivunja sheria yake. Kwa nini Mwanana, kwa mtu aliyekwisha kwenda. Nilikuwa nimejitungia majibu kadhaa mazuri. Aliendelea kuchambua mchele. "Nilitaka tu kuona lingekaaje," akasema.

Baba alirudi nyumbani Jumapili ile wageni wakiwa wanavaa viatu. Aliona uji, aliona kifurushi, aliona ile karatasi juu ya meza, akabaki amesimama mlangoni kofia mkononi. Mama hakungoja watu watoke.

"Nataka kuona ulipomweka."

"Hakuna cha kuona, Mama Nekesa. Ni udongo tu."

"Basi nipeleke nione udongo."

Tulikwenda Jumapili iliyofuata, sisi watatu. Baba alikuwa ameomba ubao kwa seremala wa kiwandani, umerandwa vizuri upande mmoja na kuchongwa chini, na alikuwa na ile kalamu nene wanayotumia kuandikia mapipa, ambayo wino wake hautoki kwa maji. Makaburi ya watoto yalikuwa mwisho kabisa, karibu na ukuta, matuta madogo yaliyobanana kama ya viazi, mengi hayana alama. Baba alisimama, akatembea, akarudi, akahesabu kutoka kwenye mti fulani. Niliogopa kwamba amesahau. Halafu akachuchumaa mbele ya tuta moja lililoanza kuota nyasi.

"Ni hapa."

Mama alivua viatu, sijui kwa nini, akakanyaga udongo kwa miguu mitupu.

Baba alimnyooshea kalamu na ubao. "Andika wewe. Wewe ndiye unajua herufi."

Mama alitazama ule ubao. Alipitisha kidole juu yake, akafuata nyuzi za mti. Nikajua anapima kama Mwanana ingewezekana pale, kwa kalamu ile, na nikajua haiwezekani. Alimrudishia.

"Andika wewe," akasema. "Wewe ndiye ulimbeba."

Baba alipiga magoti, akaweka ubao juu ya paja, akaanza. Mkono wake ulizoea spana. Alianza na N kubwa mno, iliyokula karibu robo ya ubao, kisha a, kisha f iliyosimama kama mwiko. Alipofika kwenye u aliona nafasi inaisha, akaanza kubana, na l na a za mwisho zikateremka pembeni, ndogo, zimejikunyata. Wino ulikuwa umesambaa kidogo kwenye mbao. Aliangalia alichofanya, kalamu ikiwa bado mkononi.

"Niandike tena upande wa nyuma?"

Nilimtazama Mama, ambaye niliwahi kumwona akitupa kadi nzima kwa sababu ya koma iliyosogea. Alichutama kando ya Baba, akapangusa vumbi kwenye ubao kwa ncha ya leso.

"Hapana," akasema. "Inasomeka."

Baba akaokota jiwe, akaanza kuugongomea ubao ardhini, na Mama akaushika kwa mikono yote miwili usipinde.